Mpimaji wa Soko la Mbuzi

Kila siku ya soko la mbuzi mjini Mwingi, mama mpimaji wa presha hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mashine mapajani. Hujifuta viganja kwa leso kabla ya kushika mkono wa mtu, na mashine ikianza kukaza, huzuia hata pumzi yake. Mfanyabiashara akimkwepa, humwambia polepole, "Mzee, mbuzi unampapasa mgongo kabla hujamnunua. Wewe nani amekupapasa?" Kwa utani huo alimnasa Bulle, mfanyabiashara ambaye presha ilikuwa imemlaza hospitali mara mbili, hadi akauza nusu ya mbuzi wake kulipa bili. Tangu siku hiyo Bulle alipunguza chumvi, akaacha kupanda bodaboda, akawa anakuja sokoni kwa miguu nyuma ya mbuzi wake. Leo, baada ya miezi sita, alinyoosha mkono apimwe tena. Mama alisoma namba mara mbili, akainuka hadi ndoo ikaanguka, akapiga vigelegele kama mtoto amezaliwa.

"Mama, unaniaibisha," Bulle akasema, akicheka.

"Acha nikuaibishe. Mwaka huu hospitali haili mbuzi wako."

Nyuma yao, wanunuzi saba walikuwa tayari wanakunja mikono ya shati.