Tambi Mbele ya Baba Mkubwa

Wiki iliyopita nilikwenda Mtinko kununua mbegu za alizeti, na muuzaji akanipeleka kwenye ghala lake. Nilipoingia tu nikalitambua. Ukutani bado upo msumari mkubwa uliopinda, na chini yake rangi imebaki safi kuliko kwingine, umbo la ramani. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka mbegu gani.

Humo ndimo tulimofundishwa kupika vyakula vya dunia.

Mwalimu wetu alikuwa jirani, mama aliyewahi kuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Huko alipikia Wachina, Wahindi na fundi mmoja Mhabeshi. Kambi ilipohama, akaomba jengo hili, akatundika ramani kuukuu ya shule, akatangaza kwamba kila Jumamosi anayetaka aje na kuni zake, sahani na kigoda. Walikuja kina mama wa msikitini na wa kanisani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo kuliko wote. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la sita nikae na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Ramani ile ndiyo shule niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Mwalimu aliweka kidole kwenye nchi fulani, akasema, "Leo tunakula hapa." Siku ya Uhabeshi tulioka mkate wao mpana kwa unga wa mtama uliochachuka siku tatu. Bibi mmoja akauonja, akasema, "Hii si togwa iliyoungua?"

"Basi kunywa, bibi," mwalimu akamjibu.

Siku ya Uchina tulikaanga kabichi na karoti kwa mafuta ya alizeti, moto mkali, bila maji na bila kufunika. Hapo ndipo tuliposhindwa, maana mikono yetu ilikuwa inatafuta mfuniko yenyewe. Tulipolia kwa vitunguu mwalimu alisema, "Kateni. Hata Uchina kitunguu kinaliza." Mboga zikachanganywa na tambi, tukala. Nilipoondoka alinipa pakiti moja ya tambi. Niliificha juu ya kabati, nikiisubiri siku yake.

Siku hiyo ilikuja baada ya mavuno. Baba mkubwa alifika kutoka Iguguno pamoja na shangazi, kila mmoja na baiskeli yake. Tulijua wanakuja kwa ajili ya nini. Ukoo ulikuwa umezungumza tugawanywe: mdogo wangu wa kiume akachunge kwa baba mkubwa, wa kike akakae kwa shangazi. Mimi ningebaki na nyumba.

Niliwaamkia shikamoo, nikawapa maji ya kunawa, nikawatengea tambi. Nilitaka waone kwamba sikuwa mtoto aliyeacha shule tu.

Walikula polepole. Shangazi aliinua moja kwa vidole, akaitazama ikining'inia. "Kaka, huyu anatulisha minyoo."

Wadogo zangu wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. Alimaliza sahani yake, akainyoosha miguu, akasubiri. Mikono yake hakuifuta. Mwishowe akasema kwa upole, "Mwanangu, tumeshukuru kwa kionjo. Sasa tuletee chakula."

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kwetu mgeni ambaye hajala ugali hajala, hata ungemchinjia kuku. Nilikuwa nimewaita watu wazima mezani, nikawaacha na njaa, siku ile ile waliyokuja kupima kama naweza kulisha watoto.

Nilitamani kulia. Badala yake nilisema, "Samahani, baba mkubwa, kinakuja," nikarudi jikoni. Mdogo wangu wa kiume akaleta kuni bila kuambiwa. Nikainjika maji, nikakung'uta unga wa uwele wote uliokuwapo, nikachemsha mlenda mkavu na kuutia karanga. Mikono ilijua kazi hiyo bila ramani. Nilipotenga, nikaweka na tambi zilizobaki kando.

Walikula mpaka sufuria ikalia kwa mwiko. Shangazi alichota tambi kwa tonge, akatafuna, akasema, "Minyoo hii ina chumvi yake." Akachota tena.

Baba mkubwa alinawa. "Tulikuja na baiskeli za kubebea watoto," akamwambia shangazi. "Zirudi tupu. Anayepika mara mbili bila kununa, atalea." Kisha akanigeukia. "Ila unga wako tumeumaliza. Kesho kutwa nitaleta gunia."

Alilileta. Tukakua pamoja, sisi watatu, nyumba moja.

Darasa halikudumu. Mwalimu aliitwa na kambi nyingine, kina mama wakazirudisha Jumamosi zao shambani. Baba mkubwa naye tumekwisha kumzika. Mdogo wangu wa kike sasa yuko Singida Mjini, na vyakula vya dunia anajifunza kwenye simu, peke yake, akiwa amesimama.

Jumapili, mimi na mdogo wetu wa kiume tulipomtembelea, alialika wenzake wa kazini, akapika tambi. Mimi nilisonga ugali wa uwele, nikaufunika. Wageni walikula, wakasifu, wakanawa, wakaanza kuaga. Nilikaa nikisubiri mmoja wao aulize chakula kiko wapi.

Hakuna aliyeuliza. Walipokwisha kuondoka, mdogo wangu wa kiume akachungulia jikoni, akavuta kigoda.

"Dada, funua basi," akasema. "Sisi bado hatujala."