Mzinga wa baba nilioupigilia ukutani ili wageni wautazame

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Hili ni la kweli tupu na hadi leo halijaniacha nikatulia.

Zama za Ujamaa nilikuwa karani wa nyumba ya wageni, getini kwenye pori moja la akiba kusini mwa Manyoni. Namwandikisha mgeni, namwonyesha ramani, namkabidhi kwa askari. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Nilijiona sana!

Tatizo, ndani ya pori hilo ndiko tulikozaliwa. Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa barabarani, mizinga ya nyuki ya baba ikabaki juu ya miti.

Kila nikienda nyumbani, baba anauliza, "Umeniombea ruhusa? Siku moja tu, nikaione mizinga yangu."

"Bado, baba. Wiki ijayo."

Uongo. Nilimwogopa Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, mkuu wetu. Nikiona koti la kaki kama la baba linakuja getini, nainamia daftari nikidhani ni yeye.

Siku moja Bwana Nyama akasema kuna ugeni mkubwa, tupambe ukuta kwa vitu vya wenyeji. Nikaingia porini na askari, tukashusha mzinga wa kwanza tuliouona. Asali tukala (ilikuwa tamu, siwadanganyi).

Kwetu kila mrina asali huchonga alama yake kwenye mzinga, na wa mtu hauguswi. Mimi, mtoto wa mrina, kwa haraka zangu sikuangalia hata. Nikaupigilia misumari na kibao: MZINGA WA WENYEJI WA ZAMANI.

Siku ya ugeni wanakijiji wakaletwa kupiga makofi. Baba akausogelea, akapapasa mistari mitatu iliyochongwa ubavuni. Ndipo na mimi nikaiona. Ilikuwa alama yake.

"Hapa umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Wa zamani? Na mwenyewe si huyu hapa?"

Akatoka zake.

Kesho yake nikaenda kuomba ruhusa. Bwana Nyama akasaini palepale. "Sasa siku zote ulikuwa unangoja nini?"

Nikakimbia nayo nyumbani. Baba akaikunja, akaitia mfukoni, akasema ahsante. Hakwenda kamwe, na hakuniuliza tena.

Tulipomzika niliikuta ile ruhusa kwenye lile koti lake la kaki, bado imekunjwa vilevile.

Vijana, mzazi akikutuma neno, lipeleke siku hiyohiyo. Usimjibie mkubwa wako wa kazi kabla hujamuuliza.

Aliyewahi kuchelewa kama mimi aandike hapa chini. Nitasoma zote.