Mgeni Aliyekuwa Mrefu

Katika stoo yetu mjini Nyeri kuna mti wa mkaratusi ulionyooka vizuri, mrefu kiasi kwamba umelazwa mshazari juu ya boriti. Ni kifaa changu cha kazi. Sisi huhamisha mashine nzito kutoka kiwanda hadi kiwanda, na mimi ni karani wa njia. Hutangulia mbele ya mzigo nikipima madaraja, kona, matawi na kila kinachoning'inia juu ya barabara, na yote nayaandika kwenye daftari.

Mwaka ninaoukumbuka tulipewa kazi ya kuhamisha boila, tangi kubwa la chuma linalotoa mvuke. Kiwanda kimoja cha chai upande wa Kirinyaga, juu ya Kagio, kilikuwa kimejipatia boila kubwa zaidi. Ile ya zamani, ambayo bado ilikuwa nzima, ilichukuliwa na kiwanda kingine kwenye matuta ya chini ya msitu wa Nyandarua. Boila ya hawa wa pili ilikuwa imepasuka. Bila mvuke hakuna kukausha, na majani ya chai hayangoji. Yakikaa kwenye gunia hupata moto na kuwa meusi. Kwa majuma kadhaa majani ya wakulima yalikuwa yakipelekwa mbali, na mengine yakimwagwa.

Boila ilipaswa kufika Alhamisi. Kreni ya kuishusha ilitoka Kenol na ilikuwa yetu hadi saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo tu. Ikiondoka, hakuna aliyejua ingerudi lini.

Jumatatu nilipita njia yote na mti wangu. Huwa naukata kwa urefu wa mzigo ukiwa juu ya trela, kisha naongeza shibiri moja ya akiba. Mti ukipita, mzigo utapita. Mahali palipoutia moyo wangu wasiwasi palikuwa mahali pamoja tu, kilomita moja kabla ya kiwanda. Hapo barabara imekikata kilima, kingo zimesimama pande mbili kama kuta, na juu yake bomba la chuma limevuka kutoka ukingo hadi ukingo. Bomba hilo hupeleka maji vijiji viwili. Chini palikuwa na matope mazito. Nilisimamisha mti, ukapita, na ngumi yangu ikaenea kati yake na bomba. Nikaandika kwamba tunapita.

Alhamisi tuliondoka kukipambazuka. Dereva wa trela alikuwa mtu wa Kenol, amebeba matingatinga tangu mimi nikiwa shule. Mti wangu aliuita fimbo ya Musa. Kila niliposhuka kwenye pikapu ya mbele kuusimamisha chini ya waya wa simu au tawi ambalo tayari lilikuwa kwenye daftari, alitoa kichwa dirishani akaniuliza kama bahari imegawanyika. Niliendelea kupima. Nilifundishwa kwamba daftari linajua ya jana tu, na njia hupimwa tena siku ya mzigo.

Saa nane mchana tulifika kwenye bomba, nami sikupatambua. Matope yalikuwa yamekwisha. Palikuwa na udongo wa murramu mwekundu, mpya, umesawazishwa kama sakafu, na wakulima wamejipanga juu ya kingo wakitungoja na majembe yao. Huku kwetu harusi ikikaribia, kijiji hutoka kutengeneza barabara ili gari la bibi harusi lisikwame. Boila nayo ilikuwa imetengenezewa njia kama bibi harusi.

Nilisimamisha mti. Kichwa chake kikaligonga bomba, na sauti ya chuma ikasikika hadi ukingo wa pili.

Nilipima kwa futi ya mkononi. Murramu ulikuwa umeinua barabara futi moja na zaidi kidogo. Ngumi yangu ilikuwa imemezwa, shibiri ya akiba imemezwa, na juu ya hayo boila ingeligonga bomba kwa vidole viwili.

Dereva alishuka, akatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutania.

"Vidole viwili, karani. Natoa upepo kidogo kwa tairi, tunapita polepole."

Nilijua amewahi kufanya hivyo. Lakini murramu ule ulikuwa haujashikana, na tairi laini juu ya udongo laini huulaza mzigo. Boila ikiinama kati ya kuta zile ingeondoka na bomba, pengine na dereva pia. Nilimwambia azime injini.

"Na kreni ikienda?"

"Iende."

Kusema hivyo kulikuwa rahisi kuliko kumwendea mwenyekiti wa kamati yao ya barabara, mama wa makamo aliyevaa gambuti, na kumweleza kwamba zawadi yao ndiyo iliyoziba njia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauchukua mti mkononi mwangu, akausimamisha mwenyewe, akaligonga bomba mara mbili. Mzee mmoja nyuma yake alilalamika kwamba wamechimba murramu huo siku mbili, ng'ombe wakilala bila nyasi, na sasa ati waufukue.

Mama aliwageukia wenzake.

"Tulimtengenezea mgeni njia. Sasa mgeni ni mrefu. Tumkate kichwa?"

Walicheka, hata yule mzee, na majembe yakashuka.

Niliwaomba wasichimbe shimo fupi chini ya bomba, kwa maana trela ni ndefu. Magurudumu ya mbele yakianza kupanda mapema, mzigo huinuka pamoja nayo. Kwa hiyo walifukua mteremko mrefu, mpole, pande zote mbili. Dereva naye alishika koleo, akinong'ona kwamba Musa hakuchimba.

"Wewe si Musa," mama akamwambia. "Chimba."

Pikapu ilipita huku na huko kushindilia udongo. Saa kumi na nusu nilisimamisha mti tena. Ukapita, na ngumi yangu ikaenea.

Nilipanda ukingoni, macho yangu yakiwa sawa na bomba, dereva akiutazama mkono wangu tu. Trela iliingia kwa mwendo wa kobe. Kichwa cha boila kilipita chini ya bomba, kisha tumbo, kisha mkia, na mwanga haukukatika kati yake na bomba hata mara moja. Gurudumu la mwisho likatoka. Ndipo wanawake wakapiga vigelegele vitano, kama mtoto wa kiume anapozaliwa.

Tulipoingia kiwandani mwenye kreni alikuwa amekwisha kukunja miguu miwili ya chuma inayoitegemeza kreni. Aliikunjua tena. Kabla ya saa kumi na mbili boila ilikuwa imekaa juu ya msingi wake, kila tundu limeangukia bolti yake. Tukirudi, tuliwakuta wakulima wakirudisha murramu kiasi chini ya bomba ili matope yasirudi, na mama akipima nafasi iliyobaki kwa mti wake mwenyewe wa mkaratusi, mbichi, maganda yangali juu yake.

Majuma mawili baadaye simu yangu ililia asubuhi. Alikuwa yeye.

"Karani, mgeni wako anaongea," alisema, akaiinua simu ili nisikie mvuke ukipiga firimbi.