Mishumaa ya Esteri na Mti Wake

Binti yangu Esteri anaoka mikate Kasulu mjini. Ni mpole, ila akishashika jambo haliachi.

Bibi yake mzaa baba, Jeanne, alizaliwa Bujumbura. Baba wa Jeanne alikuwa Myahudi muuza vitambaa kutoka kisiwa cha Rodosi, mama yake Mrundi. Jeanne alikuja huku akiwa mkimbizi, akalima, akasali nasi Anglikana, lakini kila Ijumaa jua likizama aliwasha mishumaa miwili na kufunika macho kwa viganja. Esteri alilelewa naye, akayashika yote.

Hilo lilinisumbua kidogo tu. Lililonikosesha usingizi ni la pili. Esteri alijiunga na vijana wanaorudisha ibada za kale. Hawana mganga, wala hawachinji. Mtama wa kwanza ukiiva hukutana chini ya murinzi, ule mti wa maua mekundu, wakaimba, wakamshukuru Imana, ndiye Mungu kwa Kirundi, na kuwataja waliotangulia. Akaupanda murinzi wake nyuma ya nyumba yangu. Kila Ijumaa anapokanda mkate wa nyumbani humega kipande cha donge akakiweka shinani, kisha jioni anawasha mishumaa.

"Mwanangu, chagua moja," nilimwambia.

"Mama, wewe una pua ya babu na miguu ya bibi. Ulichagua ipi?"

Basi Venanti, seremala wa Rungwe Mpya, akataka kumwoa. Mambo haya anayajua na hana neno. Ila posa ililetwa na shangazi yake, Mama Pasikali, mwanakwaya, ambaye hakujua lolote. Na huku kwetu ukishaitwa mchawi, jina hilo halitoki. Yeye na Venanti walipaswa kufika Ijumaa asubuhi. Mvua ikaharibu njia, wakafika jua linashuka.

Nilikuwa nimemsihi Esteri aache Ijumaa hiyo moja. Akanijibu, "Wakinipenda bila kunijua, watakuwa wamempenda nani?"

Mama Pasikali hakukaa sana, akauliza choo kiko wapi. Njia ya choo inapita pale pale kwenye mti. Nikajifanya namtangulia kumwekea maji, nikaokota kile kipande, nikakimbilia jikoni na kukitupa motoni. Kugeuka, yuko mlangoni.

"Mama Esteri, unachoma nini?"

Esteri akaingia na mishumaa yake, akatazama moto, akacheka mpaka akaketi chini.

"Mama, umefanya kama Bibi Jeanne. Kwa Wayahudi kipande hicho huchomwa. Mimi ndiye niliyekihamishia mtini, upande wa Kirundi nao upate."

"Upande gani?" Mama Pasikali akavuta kigoda. "Nielezeni. Sikukanyaga matope yote yale nije kufichwa."

Esteri akamweleza yote, hakuruka kitu. Mimi nilikuwa nakoroga maharage yaliyokwisha kuiva.

"Kuna damu?" akauliza Mama Pasikali.

"Hakuna."

"Kuna kumwombea mtu mabaya?"

"Hapana, shangazi. Ni kushukuru."

"Na haya utayaacha ukija kwetu?"

"Nikisema nitayaacha nitakuwa nimekudanganya."

Nilitamani kumfinya.

Mama Pasikali akapangusa tope kwenye kisigino. "Mama yangu," akasema, "kila akipewa pombe ya mtama alimwaga kidogo mlangoni, ya wazee. Mchungaji akamkataza. Akaendelea kumwaga, anasema mkono unamtetemeka. Ulitetemeka mpaka anakufa, na sindano alikuwa anaitunga uzi bila miwani."

Esteri akacheka. Mimi sikuthubutu.

"Huo mti, ukija kwetu, utaupanda nyuma ya nyumba," akaendelea. "Si mbele. Mimi nina majirani. Na kwaya ina upungufu wa sauti za kwanza."

"Sawa, shangazi."

"Haya, mwiteni Venanti alete vile vitenge vya posa, vimebaki kwenye pikipiki."

Esteri akawasha mishumaa, akafunika macho. Mama Pasikali naye akainamisha kichwa, sijui aliomba nini. Mimi nilikwenda kufunga dirisha la upande wa barabarani.