Dada Yangu Alipigwa, Mimi Nikasema "Kinda"

Kwa! Kichwa cha dada yangu kiligonga mlango wa friji, halafu chupa za ndani zikalia, ting, ting, ting, mpaka zikanyamaza zenyewe. Hadi leo mtu akifungua friji kazini nashtuka.

Nimekosa mimi. Shemeji ana yake na atayajibu, lakini hili ninaloungama ni langu, msinisaidie kulibeba.

Niko huku Minnesota, mji wa Lakeville, na nilikuwa nakaa kwa dada na mumewe. Shule sikufika mbali. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, nawaogesha, nawaimbia, wananipenda. Ndoto yangu ni saluni, ukuta rangi ya chungwa, hata jina nimeshachagua! Mimi ni mtu wa kucheka tu. Na katika Kizungu chote nililipenda neno moja, "kinda". Ni kama kusema "kidogo hivi", lakini tamu zaidi. Una baridi? Kinda. Umechoka? Kinda. Halikubani popote, halimkasirishi mtu.

Dada alikuwa akinitania mezani. "Wewe, umeshiba ama hujashiba?"

"Kinda."

"Hilo ni tumbo gani la kinda? Lete sahani hapa!"

Jumapili hiyo tulitoka kanisani. Pale kwenye parking dada alikuwa amecheka na kaka mmoja wa kwaya. Kucheka tu, jamani! Shemeji akaendesha gari hadi nyumbani. Kufika jikoni, hata koti hajavua, akamkamata dada shingo kwa nyuma.

"Alikuambia nini kikakuchekesha hivyo? Hebu nichekeshe na mimi!"

Ndipo ile friji. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikapiga kelele, "Shem, wacha! Shem, utamuua!" Akanisukuma nikaangukia viti. Akachukua mwiko, akamchapa nao mgongoni mpaka ukakatika.

Jirani alisikia, akaita polisi. Walipobisha, dada alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani, damu imejificha chini yake. Akawaambia ameteleza kwenye barafu hapo nje. Wakati wa baridi huku kila mtu huteleza, nani angebisha?

Polisi mmoja, mwanamke, akanitoa hadi garage, pale tunapoegesha gari. Akaniuliza kwa upole, "Dada yako anasema aliteleza. Wewe ulikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa?"

Woi! Shemeji ndiye aliyenipokea airport akiwa amenishikia jaketi, la zambarau, jipya. Ndiye aliyenifundisha ku-drive. Na kwetu tunajua, nyumba ikiwaka unaita wazee wa kanisa, huiti polisi. Polisi wataharibu makaratasi yake ya kukaa huku, halafu watu waseme ni mimi.

Nikasema, "Kinda."

"Kinda vipi? Alimpiga?"

"Walikuwa wanabishana... akamsukuma, kinda."

"Unamwogopa?"

Nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka! "Kinda. Hapana, hapana."

Alinitazama sana yule mama. Kisha wakaenda zao.

Wazee wa kanisa walikuja kesho yake. Wakaomba, wakanywa chai, wakamwambia dada apunguze kucheka ovyo. Shemeji akasema amekosa. Na mimi mjinga nikaandaa mandazi, nikaona mambo yametulia!

Wiki haikuisha. Nilitoka kazini mchana, nikasikia kelele kabla sijazima gari. Shemeji alikuwa ameamini ni dada aliyeita polisi. Alikuwa amemburuta kwa rasta zake hadi chini ya ngazi za basement, kile chumba cha chini ya nyumba, na sasa anamkanyaga mkono wa kulia kwa buti za theluji. "Huu ndio ulioshika simu? Huu?" Nilisikia vidole vikivunjika kama kuni kavu.

Sijui nilitoa wapi ile nguvu. Kulikuwa na sepetu ya theluji mlangoni. Nikamtwanga nayo mabegani, nikamtwanga tena, akaanguka akinitukana mimi na mama yangu. Nikajifungia chooni na dada, nikapiga simu polisi. "Anamuua dada yangu!" Siku hiyo maneno yalikuwepo. Yalikuwa wapi Jumapili?

Polisi wakamchukua shemeji na pingu. Dada, madaktari walimtia vyuma mkononi kuunga mifupa, lakini vidole viwili havikunji tena. Kazi yake ni kama yangu, lakini sasa hawezi kumwinua mgonjwa, hawezi kunisuka. Hospitalini nesi aliniuliza kama hii ndiyo mara ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo dada akasema, macho yake ukutani, "Usimuulize huyo. Huyo ni wa kinda."

Siku hizi anakaa kwa rafiki yake, mji wa Inver Grove Heights. Simu zangu hashiki.

Na juzi mzee mmoja wa kanisa amenipigia. "Binti yetu, kesi ikifika, sema tu hukuona vizuri. Shemeji yako alikulea huku." Kumbe ananitaka vilevile nilivyokuwa!

Wenzangu, adabu ni nzuri, lakini ina mahali pake. Ukiulizwa kama mtu amepigwa, sema amepigwa. Usimpunguzie mwenzako kipigo kwa mdomo wako, maana kile ulichopunguza atakuja kuongezewa yeye, si wewe. Msikawie kama mimi!

Jana baada ya kazi nilibaki peke yangu kwenye gari, theluji imefunika vioo vyote. Nikasema kwa sauti, "Alimpiga. Nilimwona." Ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Nikairudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Kisha nikampigia wakili wa serikali anayeshughulikia kesi. Hakushika. Nikasubiri mlio wa kuacha ujumbe, nikamwachia jina langu kamili, nikasema nitakuja kutoa ushahidi.