Kichupa cha Riziki

Aibu hii ni yangu peke yangu, lakini mashahidi walikuwa wengi, na ili kesho asitokee mtu kusema alikuwepo kumbe hakuwepo, nawataja wote: mimi Nsimire, mkubwa wa nyumba, ambaye wadogo wangu wananiita Yaya, mdogo wangu Furaha, dokta Clarisse, Papa Désiré, muuguzi wake, mabibi wawili mapasa kutoka Miti, mmoja ana fimbo na mwingine hana, jirani yetu Maman Jolie, ambaye hakuzaliwa mapasa na mtu wala hakuitwa (alifuata biskuti), mchungaji mmoja, maskini, nitamfikia, na ukumbi mzima wa parokia uliojaa watu wawili wawili. Ambaye hakuwepo ni Riziki, mwenzake Furaha, na mkasa wote unatoka hapo.

Mapasa, yaani mapacha, kwetu wana sheria yao: ukimpa mmoja, umpe na mwenzake. Muwa ukiuvunja, uvunje mara mbili. Kwa hiyo tangu utoto Furaha alikuwa akirudi nyumbani na mafungu mawili ya kila kitu, lake na la Riziki, na hakuna aliyewahi kumuuliza Riziki yuko wapi. Baba alitangulia, kisha mama akaanguka sokoni na presha, asiamke tena. Niliacha shule nikiwa sijamaliza ya msingi, nikauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, na ile sheria ya mapasa nikaishika kama amri ya kanisa. Niliivunja mara moja tu. Shule ya wawili iliponishinda, nilimchagua Furaha aendelee. Riziki hakulia. Alifunga nguo zake akashuka Kamanyola kusuka watu nywele, na huu ni mwaka wa nne hajapanda kuja kwetu.

Sasa, likatangazwa kanisani kwamba watu wa chuo kikuu wanaandika daftari la mapasa wa nchi nzima: watawapima presha na uzito bure, watachukua mate kwenye vichupa, wapate kujua ni magonjwa gani mtu anazaliwa nayo na yapi anayapata kwa maisha yake. Nikamwangalia Furaha. Wiki ya tatu kichwa kilikuwa kinamuuma, na miguu imemvimba kama ya mama mwaka ule wa mwisho. Lakini sharti lilikuwa moja: mje wawili. Na mimi niliyemwahidi mama kwamba hawa hawatatengana, niende kusema mbele ya parokia nzima kwamba mmoja ameshanikimbia?

Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo tu, kidogo kabisa.

“Furaha, utapita mara mbili. Kwanza na kitambaa chekundu, halafu na cha kijani.”

“Na mate, Yaya?”

“Mate gani? Si mulinyonya titi moja?”

(Naapa, wakati ule niliona hiyo ni akili. Maisha yake yote alikuwa akipokea mafungu mawili. Siku moja atoe mawili, kuna ubaya gani?)

Tulipoingia ukumbini nilisahau hata ujanja wangu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wazee wawili wenye upara mmoja, wanawake wawili wenye mimba zinazolingana, watoto wawili wanaokohoa kwa zamu kama wanaimba, na kila niliposalimia mtu, aliyejibu alikuwa yule wa pembeni. Nilihisi Mungu amefungua sanduku lake akasahau kulifunga. Bibi mwenye fimbo akaniambia wala hawaumwi goti moja: “Yangu iko ya kuume, yake iko ya kushoto. Tukitembea pamoja, tuko mutu muzima moja.”

Furaha akapita na kitambaa chekundu. Akapimwa, akatema mate, akatoka nje, akafunga cha kijani, akarudi kama Riziki. Papa Désiré akampandisha mizani.

“Soixante et un, kilo sitini na moja tena!” Akapima urefu: ule ule. Akapima presha, akapima tena. Kisha akaona kovu la mbabula, jiko letu la makaa, kwenye mkono wa kushoto, akatazama karatasi ya kwanza, akapiga kelele: “Docteur! Kuja uone maajabu! Hata moto umewaunguza pahali pamoja!”

Dokta Clarisse akaja mbio. Watu wakasimama. Mtu akapiga kigelegele (Maman Jolie hakuwa na habari, mdomo ulikuwa na biskuti). Dokta akasema anataka kuwaona wamesimama pamoja, mwenzake aitwe.

“Yuko msalani,” nikasema.

Ningesema amekwenda Kavumu, yangeishia hapo. Lakini mabibi wa Miti walishanyanyuka: mapasa haitwi kwa mdomo mtupu, anaimbiwa. Wakaenda kwenye mlango wa choo, nusu ya ukumbi nyuma yao, wakaanza zile nyimbo za mapasa, zile za matusi ambazo siku nyingine hata mlevi hazitamki, na fimbo inagonga bati. Mlango ukafunguka. Akatoka mchungaji, jasho linamtiririka, Biblia kwapani.

“Mimi nilizaliwa peke yangu,” akasema.

Kicheko kikapasua ukumbi, na katikati yake Maman Jolie akameza biskuti na kuuliza kwa sauti ya sokoni: “Lakini munatafuta Riziki? Riziki si iko Kamanyola?”

Kicheko kikakatika. Furaha akavua kitambaa cha kijani, akaniangalia tu.

Nilingoja kutukanwa. Dokta Clarisse alituketisha pembeni, akaweka vile vichupa viwili mbele yangu. “Yaya Nsimire, ungetufundisha uongo na nchi nzima ingeusoma.” Kisha sauti ikashuka. “Presha ya Furaha iko juu sana. Ataanza dawa leo. Lakini huyu wa Kamanyola ana damu ile ile. Pengine yake iko juu vilevile na hajui. Pengine iko sawa, na hapo tutatafuta ni nini kimewatofautisha. Yeye ndiye anaweza kutuambia.”

Nilishikwa na woga na mshangao pamoja. Miaka minne nilidhani nimempoteza yule mtoto, kumbe alikuwa bado ameandikwa ndani ya huyu, kila pigo la moyo. Na nilichokifanya kuwatofautisha nilikijua mimi, bila mizani.

Dokta akamwaga mate ya kichupa cha pili, akaleta kichupa kipya, akakiandika RIZIKI, akaniwekea mkononi kikiwa kitupu. “Nirudishie na mwenyewe.”

Jioni ile nilipiga simu. Nilieleza yote, hata choo, na Riziki alicheka mpaka akakohoa.

“Nitakuja kupimwa, Yaya. Lakini mbele ya hapo utaniambia, Furaha anasikia, kwa nini ulichagua yeye.”

Sitamsimamisha tena mtu mmoja mahali pa wawili, hilo nimeapa. Anapanda Jumamosi. Kichupa kiko kwenye kabati, karibu na picha ya mama, na kila usiku nasimama pale kulitafuta jibu.