Picha Iliyouza Malisho ya Nyumbu

Hadi leo nikiona bango la kuuza ploti lenye picha ya mnyama, damu hunichemka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo ya picha Kitengela. Vitambulisho na harusi vilinilisha. Jumapili nilienda uwandani kupiga picha za wanyama kwa raha yangu. Jirani yangu, mjane wa Kimaasai niliyemwita Yeyo, yaani mama, alikuwa na malisho ambako nyumbu walikuja kuzaa kila mwaka. Walipoanza kuzaa, alihamisha ng'ombe wake wote. Nyumbu akizaa, huacha ugonjwa kwenye nyasi, na ng'ombe akizila hufa. Kila mfugaji wa huku anajua. Basi wageni hao waliachiwa nyasi mpaka ndama wakomae. Yeyo hakufundishwa hayo kwenye semina yoyote.

Mwaka mmoja nililala kifudifudi pale asubuhi nzima nikapata picha moja: ndama anasimama kwa mara ya kwanza, miguu inatetemeka, mama yake anamlamba. Nikaikuza, nikaibandika kwenye dirisha la studio ili wenye ardhi waione kabla hawajaweka seng'enge na kuwafungia nyumbu njia. Mzee mmoja aliyekuwa ameshachimba mashimo ya nguzo aliitazama sana, akaenda kuyafukia. Nilifurahi kupita kiasi.

Kisha akaja dalali wa ardhi, mdomo asali.

"Niko na kalenda ya kanisa nataka kutengeneza," aliniambia. "Hiyo picha itabariki watu."

Nikampa nakala. Baadaye nikaikuta kando ya barabara ya Namanga, kubwa kuliko ukuta wa studio yangu: NUNUA PLOTI, ISHI NA WANYAMA. Nilimfuata ofisini nikamtukana mbele ya wateja wake matusi nisiyoweza kuyaandika hapa. Akacheka.

"Si ulitaka watu wapende wanyama, brother? Mimi nimekusaidia."

Ningekuwa na rungu siku ile, ningefungwa.

Ploti zikaisha haraka. Seng'enge ikafika mpaka wa Yeyo, ikamzunguka. Siku moja mwalimu mmoja aliyehamia kutoka magharibi mwa nchi aliingia studio, akaniuliza kwa adabu wanyama wa bangoni hupita saa ngapi, maana watoto wake hukaa dirishani wakiwangoja. Nilimuuliza kama ameweka ua.

"Lazima, mwizi ni wengi huku."

Nilimfukuza. Hakustahili, lakini dalali hakuwa karibu.

Msimu wa kuzaa ulipofika, Yeyo alihamisha ng'ombe kama kawaida. Nyasi zikarefuka, zikaanza kukauka zimesimama. Kila asubuhi nilienda na kamera, nikamkuta kwenye mpaka wake akitazama upande ambako nyumbu hutokea. Hawakuja. Mwishowe akasema, "Rudisha hizo ng'ombe, kijana wangu. Watakufa njaa bure."

Nilimsaidia kuwaswaga. Walikula mahali pale pale nyumbu walipozoea kuzalia, na hakuna hata mmoja aliyeugua.